Zinki ya Paa la Bungoma: Historia ya Boniface Wekoye

Waombolezaji wapendwa, watumishi wa Mungu, wakwe zetu mliotoka Kitale na majirani wa hapa Kamukuywa, mimi ni Nakhumicha, dada mkubwa wa marehemu, shule niliachia darasa la nne lakini kusoma najua, na karatasi hii ni yangu mwenyewe, si ile ya kamati iliyochapwa kwenye programu mnazojipepea nazo.

Boniface Wekoye alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 hapa hapa Kamukuywa, kitinda mimba wa mzee Wakhungu, nami ndiye niliyembeba mgongoni mpaka nikabaki na kibiongo hiki mnachokicheka. Alisoma shule ya msingi kutoka 1970 hadi 1977, akamaliza sekondari 1983, akaenda Nairobi kusomea kemia, akapata diploma 1987, na Januari 1988 akaajiriwa katika maabara ndogo ya udongo na maji mjini Bungoma, chumba kimoja kisicho na dari, juu yake mabati ya zamani tu, na hayo mabati naomba myakumbuke.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa kanisani Kitale na Tabby Nyaruai, binti wa mzee Kiarie, wakabarikiwa na Ian, Nekesa na Mary Ann, na aliyemsimamia arusini alikuwa kaka yake Nyaruai, shemeji yetu Ngari, naye pia mtu wa maabara, kule Kitale, chini kabisa kwenye nyumba ya ghorofa tatu. Watu walisema hao wawili walipendana kuliko bibi na bwana arusi, nami nilikuwa mmoja wa waliosema.

Mwaka wa 2015 Wekoye alipata kazi iliyomfanya atembee kama amekalia kiti cha chifu. Ng'ambo kuna mitambo ya umeme wa nyuklia, na urani inayolisha mitambo hiyo haitakiwi kuwa na metali nyingine hata chembe, kwa hivyo wataalamu wa huko hutengeneza chupa za kigezo, ambazo kiasi cha zinki, nikeli na kadhalika kinajulikana kabisa, ili kila maabara ijipimie kwazo, kama vile jiwe la kilo hapa sokoni, maana jiwe likidanganya soko zima limedanganywa. Maabara nyingi ziliombwa kupima chupa hizo, ya Bungoma na ya Kitale zikiwemo, urani yenyewe ilikuwa imeshatolewa, msiogope, na sharti lilikuwa moja, kila mtu apime peke yake, asimwonyeshe mwenzake.

Jumapili tarehe 27 Desemba 2015 shemeji Ngari alitutembelea, na mashine yake ya kupimia ilikuwa imekufa tangu Novemba, akaona aibu kusema. Wekoye aliacha daftari lake la vipimo mezani, akaenda nyuma ya nyumba kumkimbiza jogoo wa kumchinjia shemeji, na jogoo yule alikuwa mkaidi, alikimbizwa muda wa kumtosha mtu kunakili kurasa mbili. Kisha firigisi tukampa mgeni, kama inavyopasa, akaila yote.

Mei 2016 majibu yalirudi kwamba Bungoma na Kitale wametoa zinki nyingi kupita kiasi, tena tarakimu ni zile zile mpaka ya mwisho, kwa hivyo mmoja amemwibia mwenzake. Ngari ndiye aliyetangulia kuandika barua, ati mwizi ni Wekoye. Ndugu yangu alifukuzwa kazi Julai 2016, hakustaafu kwa hiari kama programu inavyosema, na kamati iliyoiandika mwenyekiti wake mnamjua, amekaa safu ya mbele, upande wa wakwe.

Mwaka wa 2017 Wekoye alipanda ngazi, akakwangua vumbi la yale mabati, akalipima kwa rafiki, likawa limejaa zinki, ndilo lililokuwa likidondokea sampuli zake. Sasa nawauliza, zinki ya paa la Bungoma ilifikaje Kitale, chini ya ghorofa tatu za saruji? Aliwaandikia wale wataalamu kwamba zinki yake waifute, kosa ni la paa lake, kigezo kisije kikadanganya watu, lakini la Ngari hakuligusa. Aliniapisha nisiseme akiwa hai, ati Nyaruai asilazimishwe kuchagua kati ya mume na kaka, nami ambaye siri ya mtu hainilali tumboni nikaikalia miaka minane.

Marehemu aliugua figo kuanzia Machi 2023, akaaga dunia Jumanne tarehe 14 Januari 2025 saa kumi na moja alfajiri, na kiapo changu kikaisha saa hiyo hiyo. Ian, Nekesa, Mary Ann, baba yenu hakuiba. Nyaruai, mke wa ndugu yangu, nisamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupasua kuni, Wilkista aliyefanya kazi naye maabarani na ndiye pekee wa huko aliyeendelea kumjulia hali, na shemeji Ngari kwa hema hili zuri, ambalo ni la nailoni, halidondoshi kitu. Jogoo amechinjwa, firigisi yake nimeiweka kando. Anayefuata kuzungumza kwa niaba ya wakwe ni yeye, na sitamwambia la kusema.

Pumzika kwa amani, Wekoye wa mama, maiki nampa shemeji yako.