Cha Mfukoni

"Kitambulisho cha uandishi kivae shingoni, mwanangu. Cha mfukoni kitakupeleka kaburini."

Aliyesema hivyo ni mama mmoja kwenye basi la kwenda mjini, kwetu hapa Alabama. Vernell, mpishi wa shule, mweusi kama yeye, alikuwa kiti cha nyuma ya mama huyo, ametega masikio. Mama huyo alikuwa ameshajieleza: miaka thelathini katika gazeti la watu weusi, na goti bovu kwa rungu la polisi. Kijana aliyeketi naye alikuwa mpigapicha wa habari, anakwenda kwenye maandamano.

"Nikikivaa polisi wananilenga, mama. Mwezi uliopita mwenzangu kapigwa risasi ya mpira, na kitambulisho kinaning'inia kifuani."

"Na wakikuuliza wewe nani? Utapeleka mkono kotini, wadhani unachomoa bastola, basi tena. Kesho sisi ndio tutakuandika gazetini, marehemu."

"Kwa hiyo nichague risasi?"

"Chagua ya mpira, mjinga wewe!"

Vernell alitaka kucheka, lakini basi likasimama kabla ya kituo. Askari wawili wakapanda, mikono kwenye bastola.

"Wewe mwenye kamera! Nani wewe?"

Mkono wa kijana ukaanza kwenda kotini. Mama akaudaka, akaukandamiza juu ya kiti cha mbele yao, mikono yake yote miwili ikiwa juu ya ule wa kijana.

Vernell akainamisha macho. Mikono yake mwenyewe ilikuwa tayari juu ya kiti cha mbele, vidole wazi, na hakuna aliyemwambia aiweke hapo.