Jecha Mudrik, Mtu wa Ukomo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Masheikh, wakubwa wa polisi mliotoka mjini, majirani wa Bwejuu na jamaa wote, assalaam alaykum. Anayesoma ni Muhiddin, mdogo wake marehemu, lakini maneno ni yangu mie Bi Khamisa, bibi yake, nami nimo humu ndani na wanawake wenzangu nnasikiliza, akiruka neno nitamrudisha.

Marehemu Jecha Mudrik alizaliwa hapa hapa Bwejuu tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa mwanangu Mudrik, na mama yake alipofariki nikamchukua mie hajaota meno ya pili, nikamlea kwa mwani na pweza, naye alikuwa mtoto mbishi, ukimwambia chakula kimekwisha anakwenda kufunua chungu mwenyewe.

Alianza skuli hapa kijijini mwaka 1988, akamaliza sekondari mjini mwaka 1999 akikaa kwa mjomba wake Kiembe Samaki, akaingia polisi mwaka 2003, akapelekwa bara kufundishwa, na kwa kuwa hesabu zilimkaa kichwani akapelekwa tena kusoma uhasibu. Tarehe 7 Agosti 2009 alimuoa Zeyana wa Mtoni, wakajaaliwa Ilham mwaka 2011 na Wakil mwaka 2015, watoto wenye adabu, hiyo wameirithi kwa mama yao.

Mwaka 2012 wakamuweka kwenye bajeti ya polisi wa mkoa, watu wakanipongeza, "Bi Khamisa, mjukuu wako sasa ndiye mgawaji," nami nikajua tumepona, maana kituo chetu cha huku shamba, jina silitaji, mnakijua wenyewe, kilikuwa na gari moja tu, nayo ikilala kuliko paka.

Mwezi wa Julai 2019, mchana kweupe, wezi walimchukulia ng'ombe wake Mmanga, mume wa Sichana jirani yangu, naye akawafuata porini peke yake, sie tukapiga simu kituoni, askari akatujibu kwa upole kabisa, "Mama, gari ipo na sie tupo, mafuta ndiyo hayapo, mkipata ya kututilia tunakuja sasa hivi," tukahangaika kunyonya petroli kwenye vespa za watu, na mpaka gari inawaka Mmanga alikwisha kukatwa mapanga, tukaletewa maiti.

Jecha alipokuja taazia akanambia, "Shikamoo, bibi," sikumuitikia, na sijuti. Nikamuuliza mbele ya watu, "Wewe si ndiye mgawaji? Mafuta yetu yako wapi?" Akasema, "Sigawi mie, bibi, ni ukomo." Mie nikasikia ukoma. Nikasema ya Rabbi, polisi wameingiliwa na maradhi, nikawahadharisha majirani, hata Maisara muuza vitumbua ikawa askari wakija anawawekea vitumbua vyao juu ya ukuta, asiwaguse mkono.

Habari zikamfika Jecha, akarudi, akakaa juu ya mbuzi ya nazi jikoni kwangu, akanifahamisha kwamba kila mwaka vituo vinaeleza haja zao, lakini haja hazijafika juu, kutoka juu kumeshashuka kiwango cha fedha ambacho mkoa hauruhusiwi kukivuka, ndio huo ukomo, na kwa kuwa polisi ni mambo ya Muungano, ukomo huo unaanzia bara, unapita wizarani, unapita makao makuu, kila unapopita unamegwa, kisha sie wa mwisho tunaambiwa tukate haja zetu zienee humo, kama fundi aliyekata kanzu kabla ya kumpima mtu. Na hicho kiwango wanakitoa wapi, wanatazama mwaka uliopita mlitumia nini, na sensa ilihesabu watu wangapi, wageni waliojaa mahotelini pwani hawamo. Sasa mwaka mmoja gari yetu ilikufa gia, haikwenda popote, mafuta hayakutumika, juu wakasema hawa mafuta hawayahitaji, wakayapunguza, na gari ilipotengenezwa ikakuta tangi kavu.

Nikamwambia, "Yaani mtu akiugua asile, akipona mnamnyima chakula kwa kuwa jana hakula?"

"Ndiyo hivyo, bibi."

"Basi mie nilisikia sawasawa, huo ni ukoma, leo unakula kidole cha mafuta, kesho cha matairi, mkono ukibaki kigutu mnauambia kamata wezi."

Alicheka, lakini neno lilimuingia, na tangu hapo kila mwaka alikwenda vikaoni na hoja moja, kituo kisipimwe kwa mafuta kiliyotumia, kipimwe kwa simu za watu kilizoshindwa kuziitikia, wakamwambia hoja nzuri, ilete mwakani, na mwakani akiirudisha anaambiwa nzuri, ila ukomo umeshashuka. Presha ikamuanza mwaka 2022, tarehe 3 Februari 2025 akapigwa na kiharusi akiwa kazini, na Jumatano tarehe 12 baada ya magharibi Mwenyezi Mungu akamchukua, leo Alkhamisi tumemzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kuchimba kaburi, Maisara kwa vitumbua, na wafanyakazi wenzake ambao, naambiwa, walichangishana petroli kumpeleka hospitali. Na nyinyi wakubwa wa polisi, ahsanteni kwa heshima, mmekuja na gari tatu matangi yamejaa, nimemtuma mtu atazame, kumbe kumzika mtu hakuna ukomo. Basi familia ina ombi moja tu, hatutaki ubani wala rambirambi, mbili zirudi mjini, ya tatu ilale kituoni na mafuta yake.

Lala kwa raha, Jecha, Mungu akupe kaburi lenye nafasi, na shikamoo yako ya mwaka ule naiitikia leo, marahaba, baba. Nyinyi wakubwa mlioniamkia asubuhi mlangoni mkaona kimya, mie si kiziwi, marahaba zenu ninazo, nitazitoa gari ikishalala.