Kebo Imewashwa, Fundi Kaishiwa Sababu

Benchi letu liko mlangoni kwa Fundi, mshona nguo, na birika la Mama Kahawa halikosekani. Asubuhi redio ilitangaza kwamba kebo ya mtandao iliyolazwa chini ya bahari, kutoka kwetu hadi nchi jirani, imewashwa. Wengine walifurahi. Sisi tulimtazama Fundi. Dada yake mkubwa anaishi huko ng'ambo, na tangu wagombanie nyumba ya marehemu baba yao hawajasemezana. Ukimuuliza, atakwambia mtandao mbovu, sauti inakatikakatika. Uongo huo tumeubeba naye miaka yote, maana tunampenda.

— Haidumu hiyo, alianza Antena, fundi wa redio. Chumvi inakula nanga, sembuse waya.

— Chumvi si kitu, alisema Breki, dereva mstaafu wa malori. Shida ni milima. Chini ya bahari kuna milima, bwana. Maneno yakishuka yanateleza, yakipanda yanachoka. Mimi mizigo naijua.

— Kwa hiyo Fundi atasikika, ila yeye hatasikia? aliuliza Antena.

— Ndiyo hivyo. Bora asijisumbue.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani. Haikuwa na uzi.

— Na foleni je? alidakia Mama Kahawa. Nchi mbili nzima, waya mmoja. Salamu ya leo itafika mwakani, imeshapoa.

— Samaki nao, alisema Antena. Wanameza neno mojamoja. Unasema "nisamehe dada," kule linafika "dada" tupu.

— Hata hilo si haba, nilisema. Antena akanikanyaga mguu.

Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, anasubiri gauni lake litiwe zipu. Alikuwa amesikiliza yote kwa adabu.

— Samahani, kaka Fundi. Huyo dada ukimpata, utamwambia nini?

Antena alichungulia kikombe chake. Breki akakohoa. Mama Kahawa, ambaye hajawahi kukosa neno, alianza kufuta birika lililokuwa safi.

Fundi alisimamisha cherehani.

— Sijui, alisema. Ndiyo maana mtandao ni mbovu.

Alitoa simu mfukoni, akaiegemeza kwenye cherehani, akabonyeza. Iliita. Uso wa mwanamke ukatokea, kitambaa kichwani, macho yaleyale ya Fundi.

— Shikamoo, dada.

Nilidhani atakata. Tuliinama wote kuelekea simu, na mgeni naye.

— Marahaba, alisema dada, sauti safi kabisa. Hebu sogea kwenye mwanga nikuone. Mbona umekonda hivyo?