Kissa Mwaipopo, Aliyeamkia Majivu

Kissa alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 karibu na Tukuyu, mvua ikinyesha kama kawaida ya kwetu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Aden Mwaipopo na Mama Jemimah.

Alisoma Rungwe hadi sekondari, akahitimu akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Mwaka 2012 alipata ufadhili wa masomo hapa Guangzhou.

Alifunga ndoa na Benjamin, wakala wa mizigo katika mtaa wa Xiaobei hapa mjini, tarehe 6 Desemba 2014. Walifahamiana alipokwenda kuuliza namna ya kumtumia mama yake blanketi. Walijaliwa binti mmoja, Imelda.

Tangu 2016 alikuwa katika timu iliyofukua mabaki ya stupa, mnara wa kale wa Kibudha, kwenye kilima kaskazini mwa mji. Ulikuwa umebaki msingi wa matofali, na katikati yake sanduku la jiwe lenye majivu ya mtawa. Kila asubuhi, kabla ya kushika brashi, Kissa aliinama na kusema, “Shikamoo.”

“Unamwamkia nani?” mwenzake alimuuliza.

“Mwenye nyumba. Nitampitaje mtu mzima kimya kimya?”

“Mbona hajibu?”

“Atajibu akipenda. Kazi yangu ni kuamkia.”

Walimcheka. Msimu uliofuata timu nzima ilikuwa ikiamkia.

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alimwambia mumewe, “Msihangaike na jeneza. Nichomeni, mnibebe kwenye begi la mkononi, kiti cha dirishani.” Alifariki tarehe 9 Juni 2025, na Benjamin akafanya alivyoagizwa: mwili ukachomwa, majivu yakatiwa kwenye mtungi.

Mama Jemimah aliposikia kule nyumbani alikataa. “Mwanangu si kuni. Mtungi hauingii katika makaburi yetu.”

Jumamosi iliyopita Benjamin alimpigia kwa video, mtungi ukiwa mezani. Hakumbembeleza, alimsimulia Kissa alivyokuwa akiamkia kule kilimani.  Mama akasogeza uso kwenye simu.

“Marahaba, mwanangu.”

Akamgeukia Medard, mdogo wake Kissa. “Kachimbeni kando ya baba yenu. Kaburi la mtu mzima, si la mtungi.”

Tunamuaga hapa leo, kesho anasafiri. Ameacha mume, binti, mama, na wadogo zake Medard na Flavia.

Apumzike kwa amani, nyumbani, alikokwisha kuitikiwa.