Bi Nezahat na Meko Yaliyofunikwa Majivu

Majirani, jamaa, nanyi wageni mliotoka Ankara, kaka yangu Tarık ameniomba niwasomee maisha ya mama yetu.

Bi Nezahat Karaçalı alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 mjini Sungurlu, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma hapo, kisha Çorum, kisha chuo kikuu mjini Ankara, alikohitimu mwaka 1963 katika lugha ya Wahiti, watu waliotawala vilima hivi vyetu zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na mwaka uliofuata akaajiriwa kusoma vibao vyao vya udongo.

Tarehe 2 Septemba 1967 aliolewa na baba yetu, marehemu mwalimu Rasim, hapa hapa Boğazkale, wakajaliwa Tarık na mimi, Sevgül.

Neno alilolipenda kuliko yote ni hassa, yaani meko, ambalo wataalamu hulihusisha na shina la kale lenye maana ya kuungua, shina lililowapa Warumi jina la madhabahu yao. Alilifuata miaka kumi na mmoja, akaliandikia kitabu alichotegemea kimpatie uprofesa, na humo akaeleza kwamba kibao kinaposema meko yamefunikwa majivu, nyumba hiyo imekwisha, haina mrithi. Kiangazi cha 1978, akiwa likizo hapa, alimsomea baba ukurasa huo, na bibi yetu Döndü, mama yake baba, aliyekuwa akikanda unga, akacheka mpaka akashika mbavu: "Mkwe wangu, na usomi wote huo! Tunayafunika jioni ili asubuhi tukute makaa. Nyumba iliyokufa, nani ayafunike?"

Mama hakulala na kosa lile, aliwaandikia wachapishaji barua kukiondoa kitabu, uprofesa ukachelewa miaka tisa, na kitabu kilipotoka upya, jina la kwanza katika shukrani lilikuwa la Döndü, ambaye hakujua kusoma.

Aliugua moyo tangu Novemba 2021, akafariki jana, tarehe 6 Mei 2023, saa nne asubuhi, mikononi mwa Tarık.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Çorum, wenzake wa kazini, wanafunzi wake, na ninyi majirani mnaotuletea chakula, maana nyumba yenye msiba haipiki. Jana jioni jirani yetu Bi Gülizar alikuja na koleo, akahamishia makaa yetu kwenye meko yake, akasema atayarudisha siku ya saba.

Lala kwa amani, Mama. Moto wako uko kwa jirani.