Kombora la Tisa

Baba Padre, ndugu na majirani, huyu tunayemzika leo, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, ni Optatus Chidosa, na mimi, dada yake Generosa, ninaisoma historia yake kama mjane, Yasinta, alivyotaka isomwe, kwa sababu amechoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alizaliwa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, tarehe 4 Machi 1979, akasoma hukohuko shule ya msingi hadi 1993, akawashinda wote kwa hesabu, na tangu hapo hakukubali tena kwamba amekosea.

Mwaka 2006 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mizinga nje ya Dodoma, kazi yake ikiwa kulinganisha mahali ambapo kompyuta ilisema kombora litaanguka na mahali lilipoanguka kweli, naye alikuwa na desturi yake, kombora lililopishana mno na kompyuta aliliandika kuwa limepotea, akalifuta, hesabu zikawa safi, sifa zikafuata.

Alifunga ndoa na Yasinta tarehe 18 Oktoba 2008, wakajaliwa Elieth na Henry, ambao kila walipoanguka mtihani baba yao aliwauliza kwa nini hawakuwa kama alivyopiga hesabu.

Tarehe 9 Septemba 2021 kombora liliangukia pasipotarajiwa, likamkata mguu Hamidu wa Kondoa, mpimaji wa mashimo ya makombora, marehemu akaenda kumwona hospitalini na machungwa, akamweleza kwamba lile kombora limefutwa, Hamidu akauliza kama na mguu umefutwa, marehemu akacheka, akidhani ni utani.

Marehemu hakuugua, alikuwa na presha kidogo ambayo haikupata nafasi. Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, kwenye uwanja wa majaribio, upepo ulikuwa umegeuka, Hamidu akamsihi marehemu, bosi wake, ashuke handakini pamoja na wenzake, marehemu akajibu kwamba kompyuta imeshasema, akabaki amesimama juu, na kombora la tisa la siku hiyo likamwangukia.

Jana wenzake walileta ripoti nyumbani ili familia ijivunie, inasema kompyuta na uwanja vimelingana kwa asilimia tisini na nane, makombora yaliyohesabiwa ni manane. Yasinta aliuliza la tisa liko wapi, akajibiwa kwa heshima kwamba wamefuata utaratibu wa marehemu mwenyewe. Hapo ndipo alipolia.

Tunawashukuru madaktari, ambao hawakuachiwa cha kutibu, majirani wa Nkuhungu kwa maturubai na masufuria, wafanyakazi wenzake kwa jeneza, na Hamidu, aliyerudi uwanjani kwa magongo bila kutumwa, akapima kwa utepe wake umbali kutoka shimo hadi pale kompyuta iliposema, akamletea mjane kipimo kwenye karatasi. Yasinta ameomba kisomwe mbele yenu, kombora la tisa lilipungukiwa mita mia nne na kumi na mbili.

Lala kwa amani, Optatus, hili limehesabiwa.