Benchi Letu Linafanyiwa Kazi

Kwenye kona yetu, kati ya kinyozi na duka la madaftari, kuna benchi. Nasema "kuna" kwa mazoea ya ulimi tu. Lilikuwa ubao mmoja mpana juu ya miguu minne: mitatu ina akili timamu, wa nne unayumba kama shahidi wa uongo. Hapo ndipo Mama Birika huuza kahawa, na hapo ndipo tunapokaa sisi wateja wake sugu. Kuna Breki, dereva mstaafu wa lori, ambaye nyumbani siku hizi kila akikaa mkewe anamwambia anyanyue miguu apige deki. Kuna Randa, fundi seremala. Kuna Toleo, anayetengeneza programu za simu katika ofisi yenye kiyoyozi, na ninavyomjua mimi, analala na kitambulisho shingoni. Halafu mimi, ambaye kazi yangu ni kuwacheka wenzangu. Asubuhi moja ule mguu wa nne ulimwangusha bwana harusi mzima mzima na suti yake, akainuka kahawa yote iko kifuani. Mama Birika akashika kiuno.

Mama Birika: Sikilizeni, mabwana. Birika hili likiisha na benchi halijatengemaa, nahamia ng'ambo ya barabara, kwa fundi simu.

Breki: Mama, usiseme hivyo! Ukihama, mimi nitakaa wapi? Nyumbani nitapigwa deki mimi mwenyewe!

Randa alikuwa ameshachomoa nyundo. Msumari uko mdomoni.

Toleo: Wee! Shusha silaha!

Randa: Msumari mmoja tu, Toleo.

Toleo: Ndivyo mlivyozoea, kuvamia kazi. Sisi ofisini tuna mbinu ya wepesi. Kwanza, wote tusimame.

Breki: Tusimame ili iweje?

Toleo: Mkutano wa asubuhi unafanywa kwa kusimama, ili uwe mfupi. Kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Anza, Breki.

Breki: Jana nilikaa. Leo nilipanga kukaa. Kinachonikwamisha ni huu mkutano.

Toleo: Safi. Randa?

Randa: Jana nilitengeneza kabati. Leo nataka kupiga msumari. Kinachonikwamisha ni wewe.

Toleo: Hilo tutalijadili nje ya mkutano.

Mimi: Tuko nje, Toleo. Tuko barabarani.

Hakunisikia. Alikuwa ameshahamia kwenye makadirio. Kumbe ofisini kwao, kabla mtu hajagusa kazi, timu nzima inapima ugumu wake kwa karata: kila mmoja anaficha yake, halafu mnafunua kwa pamoja, na karata kubwa ndiyo kazi ngumu. Karata zilikuwepo, Breki hatembei bila karata. Tukafunua. Randa alikuwa na mbili. Toleo mfalme. Mimi jokari, bila kuchagua. Breki akaitandika saba yake juu ya zote.

Breki: Nimekula!

Toleo: Hapa hakuna kula!

Breki: Sasa huu mchezo gani?

Randa: Kazi ni mbili, jamani. Unapiga, unaondoka.

Toleo: Na ile miguu mitatu mizima, umeifikiria? Ukikaza mmoja, wenzake watalegea. Mimi nilirekebisha kitufe kimoja kwenye programu, sauti ikapotea kwenye simu za wateja wote! Hapana, bwana. Randa, wewe unaijua mbao kuliko sisi, kwa hiyo nakupandisha cheo. Kuanzia sasa wewe ni mwezeshaji.

Randa: Mwezeshaji anafanya nini?

Toleo: Anawaondolea wenzake vikwazo. Yeye nyundo hagusi.

Randa akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Akalitamka neno lile polepole, kama mtu anayejaribu koti dukani.

Randa: Mwezeshaji... Shemeji yenu atafurahi.

Akauchomoa msumari mdomoni, akautupa mtaroni.

Mimi: Sasa nani atapiga msumari?

Toleo: Timu inajipanga yenyewe.

Akatoa mkobani vikaratasi vya njano vya kunata. Kila kazi iandikwe kwenye kikaratasi, alisema, ibandikwe mahali pa wazi, watu waione inavyosonga. Tatizo, pa kubandika. Ukuta wa duka ulikuwa na vumbi, ukavikataa. Tulipougeukia wa kinyozi, mwenyewe akatuonyesha wembe.

Randa: Hicho ni kikwazo! Niachieni mwezeshaji!

Akafanya kazi yake ya kwanza na ya pekee siku hiyo. Aling'oa ubao wa benchi kwa kucha ya nyundo, akausimamisha kwenye nguzo ya umeme, akaupangusa kwa kiwiko. Mwenyezi anisamehe, hata mimi nilipiga makofi. Toleo akachora safu tatu kwa chaki: Bado, Inafanyika, Tayari. Akaandika BENCHI kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye Bado. Kisha, huku tumebana pumzi, akakihamishia kwenye Inafanyika. Tukakumbatiana.

Breki: Maadam linafanyika, liwekwe magurudumu. Mama akihama, tunamfuata tukiwa tumekaa.

Toleo: Andika hiyo!

Randa: Na honi. Mwezeshaji anapendekeza honi.

Mimi: Na kioo cha pembeni, tumwone mke wa Breki akija na deki.

Toleo: Andika, andika! Ila toleo la kwanza litoke dogo. Mguu mmoja, mkaaji mmoja, kalio moja. Wateja wakiridhika, tunaongeza la pili.

Mama Birika: Birika linaisha, mabwana!

Breki akasawijika. Toleo naye jasho, kisha macho yakamng'aa.

Toleo: Tuongeze muda! Muda wetu unakwisha kahawa ikiisha, sivyo? Basi asinywe mtu!

Tukaweka vikombe chini. Breki, kwa uaminifu wake, akarudisha kikombeni na funda lililokuwa mdomoni.

Hapo akatokea bwana mmoja mwenye suruali nyeusi na mkoba kwapani, mgeni kabisa.

Mgeni: Hamjambo? Mama, naomba kahawa.

Sote: Usinywe!

Mgeni: Kwani ina nini?

Breki: Ikiisha, muda wetu umekwisha.

Mgeni: Muda wa nini?

Randa: Wa kutengeneza benchi. Zungumza na mimi, ndimi mwezeshaji.

Mgeni: Ahaa. Na benchi lenyewe liko wapi?

Toleo akamtazama Randa. Randa akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu. Miguu ya benchi ilikuwa imelala kando ya mtaro, minne yote. Kisha tukageuka, mmoja mmoja, kuuangalia ubao. Ulikuwa wa njano mwanzo hadi mwisho.

Mama Birika akachukua kikombe. Akammiminia mgeni, akaligeuza birika juu chini tuone. Likadondoka tone moja. Akavuka barabara, mgeni nyuma yake na kikombe mkononi. Mara tukamwona Mama anarudi, moyo ukatutulia. Kumbe amekuja kuchukua ubao wake. Akaulaza ng'ambo kule juu ya madebe mawili ya rangi, pamoja na vikaratasi vyake vyote, mgeni akakaa.

Toleo: Sasa tufanye tathmini. Tumejifunza nini?

Breki: Kusimama.

Akatuacha hapo hapo. Tulimwona akivuka, kofia mkononi, akiomba nafasi kwenye benchi alilokalia tangu astaafu. Mgeni akamaliza kahawa, akainuka kumpisha, akashika njia yake. Nyuma ya suruali nyeusi kilikuwa kimenata kikaratasi cha njano: BENCHI. Kikakata kona, kikapotea.

Toleo akaweka sawa kitambulisho chake.

Toleo: Mmeona? Kazi imemfikia mteja.